Kilo 58: mgonjwa aliyehudhuria kliniki kila mwezi bila kufika

Namba hiyo niliikuta nikiwa nimekaa koridoni kwenye kiti cha plastiki, faili mapajani, kwa sababu meza ya kliniki ilikuwa moja na muuguzi alikuwa anaitumia. Kilo 58. Nikafunua ukurasa wa nyuma: kilo 58. Mwezi wa Ramadhani 58, mwezi wa mvua za masika 58, mwezi wa baridi 58. Nilirudi nyuma miezi 11 na huyu bwana hakuwa amepungua wala kuongezeka hata nusu kilo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kwa miaka minne sasa niko kwenye timu inayozungukia vituo vya afya vya serikali kufanya usimamizi shirikishi, ile kazi ya kuingia na fomu, kukagua rejista, kuongea na watumishi na kuacha maelekezo. Mtu mzima hakai na uzito mmoja miezi 11, na anayetumia dawa za ugonjwa wa akili ndiyo kabisa: dawa nyingine zinanenepesha, nyingine zinaondoa hamu ya kula, na ugonjwa wenyewe una misimu yake. Namba isiyosogea inaonyesha kwamba kuna mtu anaangalia mstari wa juu na kunakili.

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe na ya dada yake. Umri wao na mambo mengine madogo nimeyabadilisha, na kituo sikitaji, kwa sababu yaliyotokea pale nimeyaona kwa sura tofauti katika vituo vingine pia.

Faili lilivyosema

Mwanaume, miaka 46, skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Alianza kuugua akiwa kijana, fundi wa samani Keko, Dar es Salaam. Amelazwa mara mbili, zote zamani. Kwa miaka mingi alitumia haloperidol, dawa ya kutuliza ugonjwa huo, miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, pamoja na benzhexol, ambayo wagonjwa wetu na hata watu wa dirisha la dawa wanaiita Artane. Artane kazi yake ni kulegeza ule ukakamavu na mtetemeko unaoletwa na haloperidol. Alikuwa ametulia. Aliwahi hata kurudi kupiga randa kwa fundi mwenzake siku mbilitatu kwa wiki.

Halafu maandishi yanabadilika. "Ndugu anasema hatulii usiku. Ongeza." Haloperidol ikafika miligramu 15 kwa siku. Miezi miwili baadaye: "Bado anatembeatembea. Ongeza." Ikafika 20. Mwezi uliofuata: "Benzhexol hakuna." Baada ya hapo ni neno moja tu, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko uleule wa haraka: "Rudia." Na pembeni yake, kilo 58.

Nilimuuliza muuguzi kama huyu mgonjwa huwa anakuja mwenyewe. "Dada yake anamchukulia dawa," alinijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akiendelea kuandika kadi nyingine. Hakuwa anaficha kitu. Kliniki ni siku moja kwa wiki. Tabibu anayeandika dawa anatoka wodini akiwa na wagonjwa wengine wanamsubiri, na siku ile mimi mwenyewe nilihesabu watu zaidi ya 60 kwenye mabenchi na nje chini ya mti. Ndugu anayekuja na kadi, anayejua majina ya dawa na asiyelalamika, anamalizwa kwa dakika mbili. Kwa muuguzi aliye peke yake, ndugu wa namna hiyo ni msaada mkubwa.

Ila kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, kila safari ya dada iliandikwa kuwa hudhurio la marudio, jina la mgonjwa, jinsi "me". Kwa taarifa tulizokuwa tunapeleka juu, huyu bwana alikuwa miongoni mwa wagonjwa wetu bora: miezi 12, mahudhurio 12. Nilipoomba waniambie tarehe ya mwisho ambayo mtumishi yeyote alimwona kwa macho, hakuna aliyeweza. Tulikuja kuipata kwa kurudi nyuma kwenye faili hadi ukurasa ambao uzito ulikuwa tofauti. Ilikuwa miezi 14 iliyopita.

Nyumbani kwake

Kabla ya kwenda tulibishana ofisini. Kuna mwenzetu alitaka tuchukue gari la halmashauri ili ionekane ni ziara rasmi. Afisa ustawi wa jamii alikataa, na nilimuunga mkono. Gari lenye nembo likisimama mbele ya nyumba yenye wapangaji sita, ndani ya nusu saa mtaa mzima unajua wamefuata nini. Tukampigia dada simu kwanza, akakubali, tukaenda kwa bajaji bila sare, mimi na khanga yangu kwenye mkoba pamoja na mizani ndogo na mashine ya presha.

Nyumba iko mbele ya Mbagala Rangi Tatu, unaacha lami na kuingia kwenye mchanga. Tulimkuta dada uani anaparua samaki, ndoo mbili pembeni. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitika, akanawa mikono, akatuwekea mkeka. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mdogo wangu, mmekuja kumchukua?"

Sikulitegemea swali hilo. Miezi yote hiyo alikuwa anapanda daladala kuja kwetu, anachukua vidonge na kurudi, huku anaamini kwamba siku serikali itakapobisha hodi itakuwa kwa ajili ya kumpeleka kaka yake mbali.

Chumba cha kaka yake kina komeo kwa nje. Aliliona jicho langu likikaa pale, akaeleza kabla sijauliza. Anaondoka saa tisa usiku, yeye na wachuuzi wenzake wanachangia kirikuu kwenda soko la samaki la Feri, wanawahi mnada, na anarudi saa moja au saa mbili asubuhi. Kwa saa hizo hakuna mtu wa kumwangalia. Mara moja alitoka peke yake gizani, akakutwa kando ya barabara ya Kilwa, malori yanapita. Tangu siku hiyo komeo likawekwa.

Kaka yake alikuwa amesimama. Alikuwa anatembea hatua tatu kutoka kitandani hadi ukutani, anageuka, anarudi. Kapeti la plastiki chumbani lilikuwa na maua mekundu, isipokuwa katikati, ambapo maua yalikuwa yamefutika kabisa na kubaki mstari mweupe, upana wa nyayo mbili, kutoka kitandani hadi ukutani.

"Shikamoo kaka," nikamwambia.

"Marahaba. Hujambo?"

Hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari. Mtu aliyeandikwa "hatulii" miezi yote ile aliitika salamu bila kusita, akaniuliza hali, akamtambulisha dada yake kwangu kana kwamba sijaonana naye. Akaniuliza, "Yule daktari mrefu mwenye kipara bado yupo?" Alikuwa anamwulizia tabibu aliyehamishwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Ndiye wa mwisho aliyewahi kumtazama usoni.

Nilimwomba akae. Akakaa. Miguu ikaanza, mmoja kisha mwingine, visigino vinagonga sakafu, na kabla dakika haijaisha alikuwa amesimama tena. Akasema polepole, kwa sababu mdomo ulikuwa mzito na mate yalikuwa yanamtoka, "Nataka kukaa. Siwezi. Inawasha ndani, siyo kwenye ngozi." Nikaukunja mkono wake kwenye kiwiko na kuunyoosha: ulikuwa unakwama, unaachia, unakwama tena, kama baiskeli yenye mnyororo mkavu. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Vifungo vya shati alifungwa na dada yake.

Tulimpima akiwa ameshika ukuta. Kilo 49.

Dada alieleza kuhusu chakula bila kujua kwamba ananijibu swali langu la kilo. Wali unamwagika kutoka kwenye kijiko, mchuzi unamwagika kwenye shati, watoto wa wapangaji wanacheka, na yeye anaona haya na kusukuma sahani. Uji wa kikombe ndiyo anaweza. Kwa hiyo anakunywa uji.

Alichokuwa nacho

Hali ya kutoweza kukaa kwa sababu ya dawa ina jina: akathisia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake hasa ni hiyo ya kushindwa kukaa. Daktari wa Prague, Ladislav Haškovec, alilitumia mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, miongo mingi kabla haloperidol haijatengenezwa. Dawa zilipokuja, wauguzi na madaktari duniani kote waliiona tena, safari hii kwa wingi, hasa dozi inapopandishwa. Mgonjwa anatembea na kuhamisha uzito mguu huu hadi ule, na hapati usingizi. Anayemtazama kwa mbali anasema ugonjwa umerudi. Anayesimuliwa na ndugu anasikia "hatulii", na kwa lugha ya kliniki zetu neno hilo moja linabeba kila kitu: kichaa kilichopanda, wasiwasi, kukosa usingizi, maumivu, njaa na haya ninayoyaeleza.

Sasa rudi kwenye faili. Dada alisema kweli: hatulii usiku. Tabibu alifanya kile ambacho wengi wangefanya kwa maelezo hayo: akaongeza. Dawa iliyokuwa inamtembeza ikazidi, naye akatembea zaidi. Dada akarudi na ukweli uleule, na ukweli uleule ukazidisha dozi. Artane ilipoisha stoo, mwili nao ukakakamaa juu ya miguu isiyotaka kusimama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata hatua moja. Lakini kuitofautisha akathisia na ugonjwa uliopanda kunahitaji mgonjwa awe mbele yako. Kipimo kinachotumika zaidi, alichokitoa Thomas Barnes mwaka 1989, kinamtaka mpimaji amtazame mtu akiwa amekaa na kisha akiwa amesimama, si chini ya dakika 2 kwa kila mkao, halafu amuulize mwenyewe anajisikiaje. Hakihitaji mashine wala maabara. Dakika 4 na mtu aliyepo. Huwezi kukifanya kwa kadi iliyoletwa na ndugu.

Kwa nini aliacha kuja

Hili nusura tusiliulize. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Dada alisema zamani walikuwa wanakuja wote wawili. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, wakakaa tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana bila kuitwa. Kaka akasimama akaanza kutembea kwenye korido. Mlinzi akamwambia akae. Hakuweza. Mlinzi na mtu mwingine wakamshika mikono na kumtoa nje, yeye akapiga kelele, na vijana waliokuwa kwenye foleni ya wagonjwa wengine wakatoa simu wakaanza kurekodi. "Nikasema basi," dada akaniambia. "Aibu ile haitamkuta tena. Nitakuja mimi."

Tuliporudi kituoni niliitafuta tarehe hiyo. Faili limeandikwa: "Rudia." Hapakuwa na rejista ya matukio, na wala hakuna aliyekumbuka kuwepo kwa tukio. Mgonjwa kushikwa kwa nguvu na kutolewa mbele ya watu ndani ya kituo cha afya, ni jambo ambalo lilipaswa kuandikwa siku hiyohiyo, kuulizwa na kujibiwa. Badala yake liligeuka kuwa mgonjwa anayechukuliwa dawa na dada yake.

Na angalia mpangilio wa mambo: inawezekana kabisa kwamba siku ile tayari alikuwa na akathisia ya kiasi, na kukaa kwenye benchi kwa muda wa saa saba kulikuwa adhabu ambayo mwili wake haukuiweza. Siwezi kulithibitisha hilo sasa. Ila sioni namna nyingine nzuri ya kueleza kwa nini mtu aliyetulia miaka mingi asimame na kutembea siku ile.

Fomu yetu ilipita hapa mara tatu

Katika miezi ile 14 timu yetu ilikitembelea kituo hiki mara tatu. Nilizitoa zile fomu kwenye jalada nikazisoma usiku. Je, kuna mtumishi aliyepata mafunzo ya afya ya akili? Ndiyo. Je, rejista ipo na imejazwa? Ndiyo. Je, mwongozo wa matibabu upo? Ndiyo, umebandikwa ukutani. Je, haloperidol ipo stoo siku ya ukaguzi? Ndiyo. Je, mahudhurio ya marudio yanapanda? Ndiyo. Kwenye nafasi ya maoni ya ziara ya pili kumeandikwa, "Kliniki inaendelea vizuri, watumishi wapongezwe." Sahihi iliyoko chini ni yangu.

Avedis Donabedian, aliyeandika mwaka 1966 kuhusu kupima ubora wa huduma za tiba, alizigawa njia za kuutazama ubora katika sehemu tatu: yaliyopo, yanayofanyika, na yanayompata mgonjwa. Fomu yetu ilikuwa imejaa yaliyopo. Kidogo iligusa yanayofanyika, na hapo iliamini karatasi. Yanayompata mgonjwa hayakuwemo kabisa. Hata swali la dawa lilikuwa la upande mmoja: tuliuliza kama haloperidol ipo, tukafurahi kwamba ipo, wakati shida ya mtu huyu ilikuwa haloperidol nyingi kupita kiasi na Artane isiyokuwepo.

Tungefungua leja ya stoo tungeona. Artane ilikuwa sifuri kwa wiki nyingi mfululizo huku kadi za wagonjwa zikiendelea kuandikwa haloperidol pekee. Rejista na leja zilikuwa kwenye vyumba viwili vinavyotazamana, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuziweka kwenye meza moja.

Nyenzo za kufanya vizuri zaidi zipo na hazikuanza jana. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa nyenzo ya QualityRights, inayopima vituo vya afya ya akili kwa kufuata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Inauliza kuhusu hali ya maisha ya mgonjwa, matibabu anayopata, nafasi yake ya kuamua mambo yake, kulindwa dhidi ya ukatili, na kuishi katika jamii. Inamtaka mkaguzi aangalie kwa macho, asome nyaraka, na azungumze na wagonjwa, ndugu na watumishi. Kisa chetu kinaingia karibu kwenye kila mlango wa nyenzo hiyo: komeo, dozi ambayo mwenyewe hakuulizwa, mlinzi, kapeti. Na Ibara ya 16 ya Mkataba huo inataka vituo na programu zote za watu wenye ulemavu zifuatiliwe na vyombo huru. Sisi ni waajiriwa wa mfumo uleule tunaoukagua. Tunajuana kwa majina na tunaogopa kumharibia mwenzetu.

Wanaodhani haya ni mambo ya makaratasi nawaomba waukumbuke msiba wa Life Esidimeni, Afrika Kusini. Mwaka 2016 jimbo la Gauteng liliwahamisha wagonjwa wa akili kwa wingi kutoka vituo vya Life Esidimeni na kuwapeleka kwenye mashirika 27. Mashirika hayo yalipewa leseni. Uchunguzi wa Profesa Malegapuru Makgoba uliotolewa mwaka 2017 ulikuta leseni zote 27 ni batili, na mwishowe ilithibitika kwamba watu 144 walikufa. Karatasi zilikuwepo pale pia. Ndugu ndio waliopiga kelele kwanza, wakizunguka kuwatafuta wagonjwa wao.

Tulichofanya

Kwanza tiba. Daktari alimwona kaka ndani ya wiki hiyo, nyumbani, kwa sababu hatukutaka kumrudisha kwenye lile benchi. Haloperidol ikaanza kushushwa kidogokidogo hadi ikarudi kwenye miligramu 10. Akapewa propranolol kwa ajili ya miguu baada ya kuulizwa kuhusu pumu na kupimwa mapigo ya moyo. Artane tuliiomba kituo kingine, ikahamishwa kwa maandishi. Dada tulimfundisha kutofautisha: ukimwona anatembea, muulize kama anatembea kwa kutaka au kwa kulazimishwa na miguu. Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka mpaka mlo ukaisha.

Kwenye rejista tuliongeza safu moja kwa kalamu na rula: aliyekuja ni nani, mwenyewe au ndugu. Tukakubaliana kwamba ndugu akija mara tatu mfululizo, mtumishi lazima azungumze na mgonjwa kwa simu, na asipopatikana afuatwe nyumbani. Hatukuwakataza ndugu. Katika kikao mwenzetu mmoja alisema kwa ukali, na kwa haki, kwamba tukiwakataza wapo watakaoacha dawa moja kwa moja, maana nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni chakula cha siku.

Siku tuliyoketi kuipitia rejista tulipata majina 22 ya wanaochukuliwa dawa. Namba nyingine za simu zilikuwa zimefungwa. Mama mmoja alitwambia mwanawe alishahamia kwa babu yake Kilwa, na dawa anamtumia kwa basi kila mwezi, kwa kondakta anayemfahamu. Amefanya hivyo kwa zaidi ya mwaka, kwa uaminifu kuliko mfumo wetu. Kijana huyo tulimwandikia rufaa ili aonwe hukohuko. Wawili walikuwa wanawake ambao waume zao ndio waliokuwa wakija, na mmoja wao alipoongea na muuguzi peke yake alisema ana ujauzito. Dawa yake ilikuwa haijawahi kuangaliwa kwa jicho hilo.

Muuguzi wa kliniki aliumia. Kwa wiki kadhaa alinisalimia kwa kifupi, na nilimwelewa. Amebeba kliniki ile peke yake kwa miaka, na wakubwa wake, mimi nikiwemo, tulimpongeza kwa maandishi. Nilimpelekea nakala ya fomu yenye sahihi yangu ili aone kwamba kosa lina wenyewe wengi. Safu mpya ameendelea kuijaza, ila nauli ya kuwafuata watu nyumbani haina fungu. Kwa sasa tunawategemea wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wana kifua kikuu, chanjo na wajawazito mgongoni.

Jambo lililonifunza zaidi ni dogo. Kwenye timu tulimwongeza mtu ambaye yeye mwenyewe ameugua, amewahi kulazwa na sasa anaendesha maisha yake. Katika ziara yake ya kwanza, wakati sisi tunafungua rejista, yeye alikwenda chini ya mti kwa wagonjwa na kuwauliza, "Mkibanwa na haja mnaendaje?" Wakamweleza kwamba choo kiko nyuma ya jengo, na ukitoka kwenye foleni unapoteza nafasi yako. Kwa hiyo wengi hawanywi maji tangu asubuhi, na wengine hawaji. Miaka minne nimeingia kwenye vituo na fomu mkononi, swali hilo sikuwahi kuliuliza. Siku hizi kliniki ile inagawa vibao vya namba vilivyokatwa kwenye maboksi, na mtu anaweza kwenda chooni na kurudi.

Ufuatiliaji wa mtu mmoja unachosha, na kazi yetu kwa kaka huyu haijaisha. Komeo bado lipo. Tumelizungumza na dada mara tatu, yeye na kaka yake pamoja. Kaka anasema hapendi kufungiwa ila anaogopa pia ile barabara. Mpangaji wa chumba cha pili, mlinzi wa usiku anayerudi saa kumi na moja alfajiri, amekubali kufungua akifika, hivyo saa za kufungiwa zimepungua lakini hazijaisha. Afisa ustawi wa jamii anatafuta mtu wa kulala pale siku za mnada. Fundi wa Keko aliyewahi kufanya naye kazi amekuja mara moja kumtazama, akamletea kipande cha mbao na msasa.

Wiki iliyopita nilipita kituoni nikaomba faili lake. Kwenye mstari wa mwisho, safu ya aliyekuja imeandikwa "mwenyewe", na uzito umeandikwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtu mwingine: kilo 53.